Boga la Asali

"Ukizidi kuchungulia hilo dirisha utalitoboa," alisema Bibi Motria bila hata kugeuka. "Wakija watakuja. Mbwa atatuambia."

"Sichungulii, Bibi. Nafuta vumbi."

"Vumbi gani hilo linalofutwa tangu alfajiri? Au leo vumbi linaitwa Levko?"

Ustina alicheka, uso ukamwiva. Hakuwa msichana wa kuona haya ovyo. Alikuwa mkutubi wa kijiji, mwenye miaka ishirini na sita, na wanaume wazima waliokuja maktaba wakinuka pombe alikuwa akiwarudisha nje kwa jicho tu. Lakini siku ya kuposwa ni siku ya kuposwa, na leo hata kitambaa cha kichwani kilikuwa kinamsumbua.

Sikukuu ya Pokrova, ile ya kufunga mavuno, ilikuwa imepita juzi. Mashamba yameshavunwa, kabichi zimeshatiwa chumvi kwenye mapipa, na huo ndio wakati ambao kila nyumba yenye msichana hufagiwa hadi nje ya lango, maana washenga hawana saa. Washenga wa Ustina, hata hivyo, walijulikana. Levko mwenyewe alikuwa amesema: Jumamosi, mchana, pamoja na mama yake, na mkate, na mzee wa kusema maneno, kama inavyotakiwa.

"Kama inavyotakiwa" lilikuwa neno lake Levko. Kijana huyo alizaliwa Poltava mjini, kwenye maghorofa, akalelewa kwa chakula cha kantini na mama mwalimu wa hesabu ambaye kukanda unga hakujui. Mambo ya kwao aliyajulia vitabuni. Miaka miwili nyuma alifika kijijini kutafuta vitabu vya zamani kwa ajili ya wachapaji aliowafanyia kazi, akaingia maktaba, akaomba kitabu cha mapishi ya wazee. Ustina akampa riwaya.

"Nimesema mapishi, dada," Levko alimwambia.

"Nimesikia. Ukitaka kujua watu walikula nini, soma walivyogombana mezani."

Basi yule bwana akakaa pale pale kwenye kiti kibovu cha maktaba, akasoma hadi jua likaondoka dirishani. Jumamosi iliyofuata akarudi na swali. Supu ya borshi yenye peasi zilizokaushwa kwa moshi, hiyo ikoje? Ladha yake ni tamu au kali? Kitabu hakisemi. Ustina alimwambia hiyo haisomeki, inalika tu, akafunga maktaba na kumpeleka nyumbani kwa bibi yake. Levko alikula bakuli la kwanza, akala la pili, akalegeza mkanda, akaomba la tatu. Bibi Motria, ambaye hakuna kilichomfurahisha duniani kuliko mtu anayemaliza bakuli, akasema huyu kijana ana akili.

Tangu hapo ikawa hivyo. Anasoma maktaba, anakula kwa Bibi. Akisoma juu ya mazishi, Bibi anampikia chakula cha matanga na kumweleza nani huanza kijiko. Akisoma juu ya mavuno, anakandiwa mkate na kuonywa asiuweke kichwa chini. Na katikati ya hivyo vitabu na mabakuli, macho ya Levko yakaanza kuchelewa kuondoka usoni kwa Ustina, na Ustina akaanza kuosha nywele kila Ijumaa. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa wao wenyewe.

Tatizo lilikuwa Kyiv, jiji kuu la nchi. Levko alikuwa amepata kazi kubwa huko na alitaka waoane na kuondoka kabla theluji haijaanguka.

"Nenda," Bibi alikuwa amesema aliposikia. "Mimi na mbuzi tutaelewana."

Alisema kwa kucheka. Ila Ustina alilelewa na huyo bibi tangu mama yake alipofariki, na alikijua kile kicheko. Kisima kilikuwa chini kabisa ya mteremko. Wakati wa baridi njia ile huwa barafu tupu, na Bibi alikuwa ameshavuka miaka sabini. Nani angemchotea maji? Nani angempasulia kuni? Maswali hayo Ustina hakumwambia mtu. Hata Levko hakumwambia, kwa sababu Levko akizungumzia Kyiv alikuwa anang'aa, na yeye alipenda kumwona anang'aa.

"Bibi, humo kwenye tanuri kuna nini? Nasikia harufu ya asali."

"Ondoka hapo! Hicho ni changu, wala usikiguse."

Mbwa akabweka.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Panas, mfuga nyuki wa kijiji, aliyeazimwa kwa ajili ya mdomo wake. Hakuna harusi ya upande ule ambayo haikupitia mdomoni kwa Mzee Panas, na nyingine, watu walisema, ziliponea chupuchupu kwa sababu ya mdomo huo huo. Nyuma yake aliingia Levko, amevaa shati jeupe lililotariziwa kifuani, nywele amezilaza kwa maji, mikono haijui ikae wapi. Mwisho akaingia mama yake, Bi Klavdia, amekumbatia mkate mkubwa wa duara, viatu vyake vya mjini vimejaa tope hadi kwenye kisigino.

"Karibuni, karibuni wageni," Bibi Motria aliwaambia. "Njia imewatesa?"

"Njia?" Bi Klavdia alitazama miguu yake. "Sikuona njia, mama. Niliona matope tu. Lakini mwanangu anasema ndiyo desturi."

"Mama," Levko alinong'ona.

"Sijasema kitu. Nimesema desturi."

Waliketi. Mkate ukawekwa mezani. Ustina alikuwa ameshasogea kando ya tanuri, mahali pake msichana anayeposwa, akaanza kuukwangua udongo wa tanuri kwa ukucha, jicho chini. Bibi alifanya hivyo, na mama wa Bibi alifanya hivyo. Levko alimtazama kwa pembeni, akatabasamu kama mtoto aliyeiona picha ya kitabuni imesimama na kupumua.

Mzee Panas akakohoa, akanyoosha masharubu.

"Sisi, mama mwenye nyumba, ni wawindaji. Tumetoka mbali na huyu mkubwa wetu. Tumemfuata mnyama mdogo, mzuri, manyoya yanameremeta. Tumepita misitu, tumepita mito..."

"Mmepita na kwa Hanna anayeuza pombe," alisema Bibi. "Nawasikia harufu."

"Tulipita kuuliza njia tu! Basi, nyayo zimetufikisha hapa, zimeingia mlangoni, hazikutoka. Mnyama wetu yumo humu ndani. Mtupe, au mtuambie hapana, tukalale porini."

Hata Bi Klavdia alicheka kidogo. Bibi akajibu kama inavyotakiwa, kwamba yeye mnyama hajamwona, ila kuna mtu amesimama pale tanurini, na aulizwe mwenyewe. Mzee Panas akamgeukia Ustina.

"Haya binti. Kama una vitambaa, tufunge navyo. Kama huna, tufukuze."

Vitambaa alikuwa navyo. Vilikuwa juu ya sanduku chumba cha ndani, vyeupe vyenye maua mekundu, amevitarizi mwenyewe jioni za baridi huku Levko akimsomea kwa sauti. Kilichobaki ni kwenda kuvileta. Angevifunga mabegani kwa washenga na mambo yangekuwa yamekwisha.

Miguu haikwenda.

Hakuna aliyeshtuka. Msichana huchelewa kidogo, ni adabu. Ustina aliendelea kukwangua udongo, lakini kuchelewa kwake hakukuwa kwa adabu, na yeye alijua. Jicho lake lilikuwa limeangukia zile ndoo mbili za maji karibu na mlango. Aliyatazama maji yake yaliyotulia. Akamtazama Bibi, mgongo wake mdogo ndani ya fulana ya sufu. Akamtazama Levko. Alimpenda mno, na bado hakusogea.

"Anaona haya," alisema Bibi Motria kwa furaha. "Kabla hajaleta vya kwake, mimi naleta changu. Siku kama hii haiendi bila hiki."

Akafungua tanuri, akaingiza mikono yenye matambara, akatoa kitu kikubwa, akakiweka katikati ya meza, mbele ya Levko hasa.

Lilikuwa boga. Boga zima, la rangi ya machungwa, limekatwa kifuniko juu, ndani limejaa ulezi na maziwa, asali inatiririka pembeni, mvuke unapanda. Bibi alisimama nyuma yake, mikono ameikunja kifuani, macho yanamlengalenga machozi.

Wageni wakalikodolea macho.

Kama pale Mzee Panas angeomba kijiko, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Lakini Mzee Panas na mzaha walizaliwa siku moja.

"Aaa, bwana harusi!" alipiga paja. "Pole! Umepewa boga!"

Akaangua kicheko peke yake.

"Levko," Bi Klavdia aliita polepole. "Si hili ulilonieleza kwenye treni? Kwamba wakimkataa mtu wanampa boga?"

Kwenye treni Levko alikuwa amemweleza mama yake yote kwa shangwe ya msomaji: mkate, wawindaji, ukucha kwenye tanuri, vitambaa vikikubali, boga likikataa. Mama yake hakutaka kuja. Alikuwa amemchagulia binti wa mwalimu mwenzake, mwenye nyumba yenye bomba la maji ndani. Kaja kwa ajili ya mwanawe, kapasua tope, kabeba mkate asioujua hata kuukanda.

"Mimi nafundisha hesabu," alisema akisimama. "Kujumlisha najua. Msichana hatoi vitambaa, bibi yake anatoa boga. Haihitaji kitabu."

"Jamani, nilikuwa natania!" Mzee Panas alikurupuka. "Bi mkubwa, kaa! Mama Motria, waambie!"

Bibi alikuwa ameduwaa, anatazama uso huu na ule. "Niwaambie nini? Hawapendi ulezi?"

Levko ndiye aliyesimama mwisho. Hakumtazama mama yake wala boga. Alimtazama Ustina.

"Ustina?"

Aliita jina tu. Swali lote lilikuwa humo, na jibu lake lilikuwa dogo, hata kucheka kungetosha. Ustina aliinua macho, yakakutana na ya Levko. Na katika kitambo hicho, moyo wake uliokuwa ukimwenda mbio tangu alfajiri ukatulia. Mtu mwingine amejibu kwa niaba yake. Hana tena haja ya kuchagua. Utulivu ule ulimtisha, lakini ulikuwa mtamu, na kwa ajili ya utamu ule alinyamaza.

Levko akachukua kofia yake.

Bi Klavdia aliuchukua mkate wake mezani. Mlango ukafunguliwa, mbwa akabweka tena, Mzee Panas akawakimbilia nyuma akijiapiza. Hawakuwa wamefika hata langoni Ustina alipohisi ule utulivu umekatika ghafla, na chini yake hakuna kitu, ni shimo. Basi akafanya afanyavyo mtu anayejua kosa ni lake. Akamgeukia mwingine.

"Bibi, umenifanyia nini?" alipiga kelele. "Boga! Siku ya posa! Mbele ya mama yake! Kijiji kizima kinajua maana ya boga, wewe peke yako hujui?"

"Najua," alisema Bibi Motria.

"Unajua?"

"Usinipigie kelele, nasikia vizuri. Boga la kukataa hupewa bichi, mlangoni, mikononi mwa mtu, aende nalo kijiji kimcheke. Nimewapa wawili mimi mwenyewe nilipokuwa msichana. Hili nimelipika. Nimelitia asali. Nani anamkataa mtu kwa asali?"

Ustina alikaa kwenye benchi. Bibi naye akaketi, taratibu, upande wa pili wa meza, lile boga katikati yao.

"Mama yangu aliniachia neno," alisema. "Nilikuwa na miaka minane, ule mwaka wa njaa. Unaujua."

"Naujua." Ustina aliujua kwa vitabu vilivyoanza kuletwa maktaba miaka ya karibuni. Nyumbani ulikuwa haujawahi kutajwa.

"Watu wa serikali walikuja kupekua. Ngano walishaichukua zamani. Siku hiyo walichukua maharage, vitunguu, mpaka chungu chenye uji kwenye moto walikimwaga. Tulikuwa na boga moja. Mama akaliweka kitandani, akanikalisha juu yake, akanitandazia sketi. Akawaambia mtoto ana homa, hawezi kuinuka. Nikalikalia, Ustina. Walipindua nyumba nzima, mimi nimelikalia kama kuku. Mwanamume mmoja alinitazama, nikamtazama. Sijui kama alijua. Wakaondoka."

"Bibi..."

"Tulilila kijiko kijiko. Mimi nakula, mama anasema ameshiba. Ndugu zangu walikuwa wameshatangulia kaburini. Ikafika siku hakuamka. Kabla ya hapo aliniambia, Motria, ukiishi, siku ya furaha ya nyumba yako liweke boga mezani, kwa asali, watu wale washibe. Mama yako alipoolewa kulikuwa hakuna asali, nikaona haya kuliweka kavu. Nikasema nitaliweka kwa mjukuu." Alijifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Si jambo tulilokuwa tunasema. Ukizoea kutosema, hata siku ya kusema unasahau kwamba watu hawajui."

Ustina aliinama juu ya meza akalia. Bibi alimwacha alie, kisha akamgonga kichwani kwa kidole.

"Sasa na wewe niambie. Mimi niliweka boga. Panas alisema upuuzi wake. Lakini kijana alikuita kwa jina. Mdomo wako ulikuwa wapi?"

Ustina akazitazama zile ndoo karibu na mlango.

"Nilidhani hivyo," alisema Bibi. "Baiskeli iko zizini. Treni ya Poltava haijapita. Kimbia."

Alikimbia. Aliendesha ile baiskeli kwenye tope bila koti, sketi ameikusanya mkono mmoja, akipita mashamba yenye mabua makavu ya alizeti. Alipofika stesheni aliitupa chini, gurudumu likiendelea kuzunguka. Levko alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, mgongo amewapa watu. Mama yake alikuwa kwenye benchi, anakwangua tope la viatu kwa kijiti.

"Umekuja kutuletea la pili?" alimuuliza.

"Bi Klavdia, nisikilize."

"Nimesikiliza mchana kutwa. Nimesikiliza wawindaji, nimesikiliza wanyama. Mwanangu amekaa miaka miwili anakula kwenu na kuwasifia kama watakatifu, na mkamfanyia hivyo mbele yangu. Mjini mtu akikataa anasema hapana, hamfanyi mwenzie kichekesho."

"Hatukumkataa. Bibi alikuwa anambariki."

Levko aligeuka.

Ustina alisimama pale, tope hadi magotini, akasimulia. Hakupamba. Alisimulia kitanda, sketi, chungu kilichomwagwa, kijiko. Bi Klavdia aliendelea kukwangua kiatu, halafu kijiti kikasimama.

"Alilikalia?"

"Alilikalia. Na mama yake akawa anasema ameshiba."

Yule mama wa mjini alikitupa kijiti. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama yangu alikuwa analala na ganda la mkate chini ya mto. Hadi anakufa. Tukimuuliza anasema, ni la panya. Mimi nikawa namwonea aibu mbele ya wageni. Nikawa nalitupa." Alitazama reli. "Hakuwahi kusema kitu. Na mimi sikumuuliza, mjinga mimi, mwanamke mzima, mwalimu."

Alisimama, akajifuta mikono kwenye koti lake zuri.

"Levko, chukua mkoba. Tunarudi. Nimemwachia yule bibi chakula kinapoa mezani, na sijazoea utovu wa adabu namna hiyo."

Moyo wa Ustina uliruka. Alidhani yamekwisha. Kikwazo alichokiogopa miaka miwili, mama mtu na maghorofa yake na binti wa mwalimu mwenzake, kilikuwa kimeondoka chenyewe kwa habari moja ya boga. Lakini Levko hakuchukua mkoba.

"Subiri, Mama," alisema. Alikuja karibu, akavua koti lake, akamfunika Ustina mabegani. Mikono yake ilikawia pale kidogo. "La Bibi nimelielewa. Nimekula kwake miaka miwili, nimemuuliza kila kitu kuhusu kila mtu, sikuwahi kumuuliza yeye alikula nini utotoni. Nitamwomba radhi kwa magoti. Lakini kuna moja sijalielewa."

"Lipi?"

"Mama alikasirika kwa sababu hakujua. Mimi ningeweza kutokujua pia. Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Nilikuita, Ustina. Ukanitazama usoni, ukanyamaza. Kwa nini?"

Jibu lilikuwepo, limekaa tayari ulimini. *Niliona haya.* Msichana wa posa huona haya, vitabu vyote vimeandika hivyo, na Levko aliviamini. Angesema maneno hayo mawili, wangerudi wote watatu, Bibi angepasha boga. Ustina alifungua mdomo ayaseme. Kisha akamwona alivyokuwa akimtazama, bila hasira hata kidogo, akingoja kuambiwa kitu cha kuaminika. Akashindwa.

"Nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi?"

"Kitambo kidogo. Sikuwa najua nikupe jibu gani, Levko. Nilikuwa nimesimama pale, vitambaa viko ndani, miguu haiendi. Nakupenda, unajua. Lakini ukisema Kyiv mimi naona ndoo za maji, na yeye anazibeba kwenye barafu peke yake. Sikukuambia. Ulikuwa na furaha, sikutaka kukuharibia. Basi boga lilipowekwa, na Mzee Panas akasema lake, nikaona kama nimetuliwa mzigo. Kama mtu amejibu kwa niaba yangu."

Levko aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Kwa hiyo la Bibi lilikuwa baraka," alisema. "La kwako ndilo lilikuwa boga."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma."

Mbali, upande wa mashamba, treni ilipiga honi. Bi Klavdia akamshika mwanawe mkono.

"Mwanangu, usiwe na kichwa kigumu. Msichana amekimbia kwenye tope bila koti. Amekuambia kweli. Wangapi wangekuambia?"

"Ndiyo, Mama. Amesema kweli." Hakuondoa macho kwa Ustina, na macho yale yalikuwa yamejaa. "Ungenidanganya tu, Ustina. Ungesema uliona haya. Ningekuamini maisha yangu yote."

Treni ikaingia, ikasimama kwa kelele. Levko akamsaidia mama yake kupanda. Koti hakulidai. Bi Klavdia, mguu mmoja juu ya ngazi, aligeuka akamkamata Ustina vidole kwa nguvu, akasema, "Mwambie bibi yako nilitaka kurudi," kisha akavutwa ndani.

Yapo maneno ambayo Ustina angeyasema wakati huo. Alikuwa amemwambia nusu ya ukweli, ile nusu inayoumiza, na akaiacha nusu ya pili: kwamba furaha ile haikumaliza hata dakika, kwamba kabla hawajafika langoni alikuwa ameshajuta, kwamba kama Levko angemwuliza tena pale pale jukwaani, bila washenga wala mkate, angepanda naye vivyo hivyo na tope lake, wakamfuate Bibi pamoja, wakamhamishe na mbuzi wake wote. Alikuwa nayo yote hayo moyoni. Lakini aliyekwisha kuambiwa kwamba ukweli wake ni bora ungekuwa uongo, ataanzia wapi kuleta mwingine?

Levko alisimama dirishani, kiganja kwenye kioo, anangoja amwite. Ustina alidhani anaaga, akampungia mkono.